Ukali wa Ukurutu Hupimwaje?

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Leo nataka kuwaeleza habari za ugonjwa mmoja wa ngozi ambao wengi wetu tumeuona, lakini ni wachache wanaoujua vizuri. Ugonjwa huu huitwa ukurutu, na wengine huuita pumu ya ngozi. Sitaeleza dawa zake zote, maana mimi si mganga, ni mwanafunzi tu apendaye somo la baiolojia. Nitaeleza jambo moja, nalo ni jinsi ukali wa ugonjwa huu unavyopimwa.

Labda msomaji atauliza, "Ya nini kupima? Ugonjwa wa ngozi si huonekana kwa macho?" Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wangu alikosa usingizi karibu mwaka mzima kwa sababu ugonjwa wake ulitazamwa kwa macho tu, wala haukupimwa.

HABARI YA MDOGO WANGU

Kwetu ni hapa hapa Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Mdogo wangu ana miaka 9. Tangu utoto wake ngozi yake ni kavu, naye hujikuna ndani ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Siku za joto la kaskazi, jasho likimtoka, huzidi kujikuna. Mwaka ule ninaousimulia hali ilizidi. Alikuwa akiamka usiku mara tatu, mara nne, na asubuhi mama aliona damu kwenye shuka.

Mama alimpeleka katika zahanati moja. Aliyewapokea alimtazama mikono kwa muda mfupi, akasema, "Huu mdogo tu, mama. Ngozi haijawa nyekundu. Mpake mafuta, utakwisha."

Mama akajibu, "Lakini daktari, mtoto halali."

Akaambiwa, "Watoto wote hujikuna, mama."

Basi wakarudi nyumbani. Mama hakubisha, maana aliyesema ni mtu aliyesoma. Lakini miezi ilipita na hali haikubadilika. Shuleni mtoto akawa anasinzia, na akadhaniwa kuwa mvivu. Wenzake wakaogopa kuketi naye dawati moja, wakidhani kuwa ana upele.

Mwisho mama akapanda naye basi la alfajiri kwenda Tanga mjini. Mimi nilikuwa likizoni, nikafuatana nao. Huko tulimkuta tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi. Alipomaliza kutuamkia, alimwongoza mtoto mpaka dirishani penye mwanga. Akashika kiganja cha mtoto mwenyewe, akakitumia kama rula juu ya ngozi yenye ugonjwa, huku akihesabu. Akapapasa ngozi kwa vidole. Kisha akaketi, akamuuliza mtoto, si mama, "Bwana mdogo, siku hizi tatu umelalaje?" Akaandika, akapiga hesabu, akasema, "Mama, ugonjwa huu ni mkali."

Nikastaajabu. Mtoto alikuwa yule yule na ngozi ilikuwa ile ile. Mmoja alisema mdogo, mwingine akasema mkali. Nilimwomba tabibu anieleze hesabu yake, naye kwa hisani yake akanieleza. Tangu siku hiyo nimesoma zaidi, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa.

UKURUTU NI NINI?

Ngozi ya mwanadamu ni kama ukuta uzuiao maji ya mwili yasitoke na uchafu usiingie. Katika mtu mwenye ukurutu ukuta huo una nyufa ndogo ndogo zisizoonekana. Maji hutoka, ngozi ikakauka. Vitu vya nje, kama vile vumbi na sabuni kali, huingia na kuiudhi. Hapo mwili hujitetea, na ngozi huvimba na kuwasha. Mgonjwa akijikuna huzidi kuuharibu ukuta, na mwasho huongezeka. Hivyo mwasho huleta kucha, na kucha huleta mwasho. Mara nyingi ugonjwa huu huenda pamoja na pumu ya kifua au mafua ya mzio katika ukoo mmoja.

Jambo la kukumbuka ni kwamba ukurutu hauambukizi hata kidogo. Unaoambukiza ni upele, uletwao na mdudu mdogo sana achimbaye ndani ya ngozi. Upele hupenda kukaa kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, nao huwasha zaidi usiku. Ishara kubwa ya upele ni kwamba walalao chumba kimoja nao huanza kujikuna. Sisi tunaokaa mabwenini yatupasa kuijua tofauti hii, ili tusimtenge mwenzetu bure, na pia tusifiche upele kwa kuuita ukurutu.

Sasa tuje kwenye kupima. Kipimo alichokitumia yule tabibu huitwa SCORAD. Kilitungwa na kundi la waganga wa Ulaya, nacho kilichapishwa mwaka 1993. Kina sehemu tatu, nazo ni eneo la ngozi lililoshikwa, nguvu za dalili, na taabu aipatayo mgonjwa.

SEHEMU YA KWANZA: ENEO

Tuseme ngozi yote ya mwili ni 100. Twataka kujua ni sehemu ngapi kati ya 100 zilizoshikwa. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake, vikiwa vimebanwa, ni karibu sehemu 1 kati ya 100 za ngozi yake. Basi hesabu ni viganja vingapi vingeweza kufunika mahali penye ugonjwa.

Angalia sana neno "cha mgonjwa". Mtu mzima akitumia kiganja chake mwenyewe kumpima mtoto, atapata hesabu ndogo kuliko ilivyo kweli, kwa kuwa kiganja chake ni kikubwa.

Kwa mdogo wangu hesabu ilikuwa hivi: mikono viganja 8, miguu viganja 8, shingo viganja 2, mgongo viganja 2. Jumla ni 20. Herufi ya sehemu hii ni A. Kwa hiyo A = 20.

Jambo jingine la kuangaliwa ni baka. Ukurutu ukipona katika ngozi nyeusi, mara nyingi huacha mahali peusi zaidi au peupe zaidi kwa miezi kadhaa. Baka hilo, kama ni laini, haliwashi wala halikuvimba, si ugonjwa tena, wala halihesabiwi. Ni alama ya moto uliokwisha kuzimika.

SEHEMU YA PILI: DALILI SITA

Mpimaji huchagua mahali panapofanana na hali ya kawaida ya ugonjwa katika mgonjwa yule. Hachagui pabaya kupita pote, wala panapopona. Hapo hutazama dalili sita:

1. Wekundu wa ngozi.
2. Uvimbe au vipele vidogo vidogo.
3. Majimaji au vigaga.
4. Mikwaruzo ya kucha.
5. Unene wa ngozi, yaani ngozi kuwa nene na ngumu, yenye mistari mingi, kwa sababu ya kukunwa siku nyingi.
6. Ukavu. Huu hutazamwa mahali pasipo na ugonjwa.

Kila dalili hupewa alama 0 kama haipo, 1 kama ni kidogo, 2 kama ni ya wastani, na 3 kama ni kubwa. Jumla ya dalili zote sita huitwa B, nayo haiwezi kupita 18.

Dalili tano kati ya hizi si ngumu kwa mtu aliyezoea. Shida iko katika ile ya kwanza, na yataka tukae nayo kidogo.

WEKUNDU KATIKA NGOZI NYEUSI

Vipimo hivi vilitungwa Ulaya na Marekani, na waliovitunga walizoea zaidi ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeupe, damu ikijaa mahali penye ugonjwa, rangi nyekundu huonekana mara moja, hata na mtu aliyesimama mlangoni. Katika ngozi yetu damu hujaa vile vile, lakini rangi nyeusi ya ngozi huificha. Mahali hapo huonekana peusi zaidi, au rangi ya kahawia iliyokoza, au zambarau, au kijivu kama majivu. Anayetafuta nyekundu kama ya nyanya hataiona, naye ataandika 0.

Jambo hili si maneno yangu tu. Mwaka 2002 Ben-Gashir, Seed na Hay walichapisha uchunguzi uliofanywa London juu ya watoto wenye ukurutu, weusi na weupe. Waliona kwamba kutegemea wekundu kwaweza kuficha ugonjwa mkali katika watoto weusi. Tofauti ya wekundu iliporekebishwa katika hesabu, watoto weusi walionekana kuwa na uwezekano wa karibu mara 6 wa kuwa na ugonjwa mkali kuliko watoto weupe. Kumbe ugonjwa ulikuwapo, ila jicho ndilo lililofundishwa kutafuta rangi nyingine.

Basi mpimaji afanye nini? Nimekusanya mashauri haya:

Kwanza, apime penye mwanga wa mchana, karibu na dirisha, si chini ya taa hafifu.

Pili, alinganishe mahali penye ugonjwa na ngozi ya jirani iliyo nzima ya mtu yule yule. Asiulize, "Ni nyekundu?" Aulize, "Imebadilika rangi kiasi gani kutoka ngozi ya jirani yake?"

Tatu, atumie mkono. Mahali penye ugonjwa huwa na joto zaidi, huwa pamevimba na kukwaruza. Mkono hauna habari ya rangi, kwa hiyo haudanganyiki nayo.

Nne, akumbuke kwamba katika ngozi nyeusi ukurutu mara nyingi huja kama vipele vidogo vidogo vilivyosimama kwenye vinyweleo, na ngozi huwahi kuwa nene. Dalili hizi zaonekana wazi hata rangi isipoonekana.

Tano, wako wataalamu washaurio kwamba rangi ikiwa ngumu kupimwa katika ngozi nyeusi, alama ya wekundu ipandishwe kwa kiwango kimoja. Huo si upendeleo. Ni kurudisha kile ambacho jicho limeshindwa kukiona.

Kwa mdogo wangu tabibu aliandika wekundu 2, uvimbe 1, majimaji na vigaga 1, mikwaruzo 2, unene wa ngozi 2, ukavu 2. Jumla ni 10. Kwa hiyo B = 10.

SEHEMU YA TATU: TAABU YA MGONJWA

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna mganga awezaye kuuona mwasho wa mtu mwingine. Kwa hiyo mgonjwa huulizwa mambo mawili juu ya siku tatu zilizopita: mwasho ulikuwa kiasi gani, na usingizi uliharibika kiasi gani. Kila jambo hupewa alama kutoka 0 mpaka 10. Jumla huitwa C, nayo haipiti 20.

Mdogo wangu alisema mwasho 8, kukosa usingizi 7. Kwa hiyo C = 15. Ndivyo yale maneno ya mama, "mtoto halali", yaliyokuwa yametupwa kule zahanati, yalivyoingia katika hesabu kama namba kamili.

HESABU YENYEWE

Kanuni ya SCORAD ni hii:

A/5 + 7B/2 + C

Maana yake, eneo ligawanywe kwa 5, dalili zizidishwe kwa 7 kisha zigawanywe kwa 2, halafu taabu iongezwe. Jumla kubwa kupita zote ni 103. Chini ya 25 ugonjwa ni mdogo, kutoka 25 mpaka 50 ni wa wastani, na zaidi ya 50 ni mkali.

Kwa mdogo wangu:

A/5 = 20/5 = 4
7B/2 = 70/2 = 35
C = 15
Jumla = 54

Naam, 54 ni zaidi ya 50. Ugonjwa ni mkali.

Sasa, msomaji, chukua penseli. Tuseme kwamba mpimaji hakuona wekundu, akaandika 0 mahali pa 2. B itakuwa 8, na 7B/2 itakuwa 28. Jumla itakuwa 4 + 28 + 15, yaani 47. Mtoto ameshuka kutoka "mkali" hadi "wastani" kwa kosa moja tu la jicho. Tena kama mpimaji hakumuuliza habari za usingizi na mwasho, akaacha C yote, jumla itabaki 32. Kila alama moja ya dalili yabeba 3.5 katika jumla. Kosa la alama mbili basi ni pointi 7, na pointi 7 zaweza kuamua kama mtu atapewa dawa ya kutosha, au atapelekwa kwa mtaalamu, au ataambiwa arudi nyumbani ajipake mafuta.

KIPIMO CHA PILI: MGONJWA AJIPIME MWENYEWE

Huenda msomaji akasema, "SCORAD ni ya waganga. Sisi huku tutafanyaje?" Kiko kipimo kingine ambacho hakihitaji mganga. Huitwa POEM. Kilitungwa Nottingham, Uingereza, na Carolyn Charman na wenzake, nacho kilichapishwa mwaka 2004. Uzuri wake kwetu ni kwamba hakiulizi rangi ya ngozi kabisa. Kina maswali saba juu ya wiki moja iliyopita. Kwa maneno yangu mwenyewe, huulizwa ni siku ngapi katika wiki hiyo:

1. ngozi iliwasha;
2. usingizi uliharibika kwa sababu ya ngozi;
3. ngozi ilitoka damu;
4. ngozi ilitoka majimaji;
5. ngozi ilipasuka;
6. ngozi ilibanduka;
7. ngozi ilikuwa kavu au yenye kukwaruza.

Kama hakuna hata siku moja, alama ni 0. Siku 1 au 2, alama 1. Siku 3 au 4, alama 2. Siku 5 au 6, alama 3. Siku zote, alama 4. Jumla kubwa kupita zote ni 28. Kutoka 0 mpaka 2 ngozi ni safi au karibu safi. 3 mpaka 7 ugonjwa ni mdogo. 8 mpaka 16 ni wa wastani. 17 mpaka 24 ni mkali. 25 mpaka 28 ni mkali sana.

Tulipofika nyumbani nilimpima mdogo wangu. Mwasho siku zote, 4. Usingizi usiku 5, alama 3. Damu siku 2, alama 1. Majimaji siku 1, alama 1. Kupasuka siku 3, alama 2. Kubanduka siku 4, alama 2. Ukavu siku zote, 4. Jumla ni 17, yaani mkali. Vipimo viwili vilivyotungwa na watu mbalimbali, kwa njia mbalimbali, vilikubaliana na maneno ya mama.

Shida moja ya POEM ni kumbukumbu. Mtu akiulizwa habari za wiki nzima husahau. Mama alipata dawa yake. Aliweka kopo karibu na kitanda, na kila asubuhi baada ya usiku mbaya alitia punje moja ya mahindi. Jumapili jioni tulihesabu punje. Mwenye daftari na aandike, lakini asiyejua kuandika asidhani kwamba hawezi kupima.

Kipimo cha tatu, kiitwacho EASI, nitakitaja kwa ufupi. Kilichapishwa mwaka 2001 na Hanifin na wenzake. Hugawanya mwili sehemu nne: kichwa na shingo, mikono, kiwiliwili, na miguu. Hutazama dalili nne tu, nazo ni wekundu, uvimbe, mikwaruzo na unene, na jumla yake kubwa kupita zote ni 72. Hakiulizi mwasho wala usingizi. Kwa sababu hiyo wataalamu wafanyao majaribio ya dawa wamekubaliana kutumia EASI kwa dalili zionekanazo, na POEM kwa taabu aionayo mgonjwa mwenyewe. Nacho EASI kina wekundu ndani yake, tena ni dalili moja kati ya nne, kwa hiyo onyo langu la juu lakihusu pia.

FAIDA YA KUPIMA

Kupima kuna faida tatu. Ya kwanza ni kuchagua dawa. Ugonjwa mdogo waweza kutulizwa kwa mafuta mazito yasiyo na manukato, kama vile vaselini, yakipakwa kila siku mara baada ya kuoga, na kwa kuacha sabuni kali. Ugonjwa wa wastani na mkali huhitaji dawa ya kupaka yenye nguvu zaidi, kwa muda na kipimo alichotaja mganga. Tusijinunulie krimu hizo ovyo, wala tusitumie krimu za kung'arisha uso. Krimu zenye nguvu zikitumiwa vibaya huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuiharibu.

Faida ya pili ni kujua kama dawa inafanya kazi. Mtu husema, "Naona nafuu kidogo," na kesho husema, "Sioni nafuu." Namba iliyoandikwa daftarini haibadiliki kwa hamu ya mtu.

Faida ya tatu ni kuaminiwa. Mama asiyejua maneno ya kitabibu akisema, "Mtoto wangu amekosa usingizi siku 5 katika wiki," ni vigumu kumjibu kwamba watoto wote hujikuna.

Nchi yetu ina bahati katika jambo hili. Mjini Moshi, penye hospitali ya KCMC, kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanza mwaka 1992. Huko husomeshwa waganga kutoka nchi nyingi za Afrika, nao hujifunza magonjwa ya ngozi juu ya ngozi nyeusi, kisha hurudi makwao kutibu. Yule tabibu wetu wa Tanga alisomea huko. Nadhani ndiyo sababu hakuitafuta rangi ya nyanya.

HATARI ZISIZONGOJA HESABU

Ziko hali ambazo mtu asikae kupiga hesabu, bali aende hospitali siku ile ile. Kwanza, ngozi ikitoa usaha au ikifanya vigaga vya rangi ya asali, pamoja na homa. Pili, vikitokea ghafla vipele vingi vyenye maji, vinavyofanana na kuuma, na mgonjwa ana homa. Huenda ni virusi vilivyoingia katika ukurutu. Tatu, ugonjwa ukishika karibu mwili mzima, na mgonjwa akawa anatetemeka kwa baridi. Mambo haya ni ya kuhatarisha maisha.

MAZOEZI

1. Kwa nini hatutumii kiganja cha mpimaji kupima eneo?

2. Mgonjwa ana A = 30, B = 9 na C = 10. Tafuta SCORAD yake. Ukali wake ni upi? Je, kama mpimaji alikosea wekundu kwa alama 2 pungufu, SCORAD yake ya kweli ni ngapi, na ukali wake unabadilika?

3. Mgonjwa ana A = 10, B = 5, mwasho 2 na kukosa usingizi 1. Tafuta SCORAD yake.

4. Mwenzako bwenini anajikuna. Taja mambo mawili utakayoyatazama kabla ya kusema kama ni upele au ukurutu.

Majibu ya hesabu: Swali la 2: 47.5, wastani, kama kosa limesahihishwa, 54.5, mkali. Swali la 3: 22.5, mdogo.

Mgonjwa wa swali la 3 ni mdogo wangu, mwezi mmoja baada ya safari ya Tanga. Ugonjwa haujaisha, na huenda ukarudi siku za joto. Lakini wiki ile tulipofungua kopo la mama tulikuta punje moja tu.